Magoti Si Chombo cha Vipimo

4 Februari

Mwanangu Injinia,

Salamu zangu zikufikie huko chuoni. Mimi mzima, ila magoti, na hayo umeyazoea.

Nina habari, na ole wako ucheke. Nimerudi shule. Jengo letu linabadilishiwa lifti. Hizo zinazokuja, mtu anabonyeza mwenyewe na mlango unafunguka wenyewe, kwa hiyo mama wa kukaa kwenye stuli na kuuliza "ghorofa ya ngapi?" hana kazi tena. Ofisi imetutangazia kwamba waendesha lifti watakaofaulu mtihani wa fizikia wa watu wazima, mwezi wa tano, watachukuliwa kufundishwa ufundi wa lifti mpya. Wasiofaulu watashukuriwa. Na wewe unajua mtu akishukuriwa kazini maana yake nini.

Basi jioni nakwenda darasani. Ni darasa la watoto wadogo, tunaliazima wao wakishaondoka. Nikikaa magoti yanagonga ubao wa dawati. Mwalimu wa jioni ni kijana wa umri wako, mpole, shati limepigwa pasi mbele tu. Anafundisha mwendo na umeme, na vyote vinanipita juu ya kichwa. Wenzangu vijana wanaandika upesi upesi, mimi bado natafuta miwani.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ya jirani siwezi kuchora mishale, halafu jirani naye ana masikio. Swali ni hili: mota ya lifti inanyanyua kilo 600 kwa mwendo usiobadilika, mita moja kila sekunde. Umeme wake ni volti 240. Tafuta mkondo, yaani ampea. Nimetafuta mpaka nimetafuta na chini ya meza.

Mhasibu wa ghorofa ya tano anakusalimu. Kila asubuhi, hata sijamwamkia vizuri, ananiwahi: "Injinia hajambo?" Nami namjibu, "Hajambo, anapasua vitabu!" Lifti nzima inacheka. Siku yangu inaanza hapo.

Mama yako

15 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa maabara, wenzangu wakashangaa nacheka na nini. Sikucheka kwa dharau, mama. Nimefurahi.

Usiikimbilie ampea. Ampea ni mgeni anayefika wa mwisho, kwanza andaa nyumba. Kilo 600 zina uzito gani? Zidisha kwa 10, unapata nyutoni 6,000. Kwa kuwa mwendo haubadiliki, mota inavuta kwa kani hiyohiyo, haizidi wala haipungui. Nguvu ni kani mara mwendo: 6,000 mara 1, wati 6,000. Sasa mgeni abishe hodi: wati gawanya kwa volti, 6,000 kwa 240, ampea 25. Ukimaliza pigia mstari, halafu andika kipimo. Jibu lisilo na kipimo ni mtu aliyetoka bila suruali.

Huku ni masomo tu, hata kulala tunalala na vitabu. Endelea kutumia sanduku la chuo, ila juu ya bahasha andika "kwa mkono wa mlinzi wa geti". Bwenini barua zinapotea ovyo.

Msalimie Mhasibu.

Mwanao,
Injinia wako

2 Machi

Mwanangu Injinia,

Ampea ishirini na tano! Mwalimu aliniita ubaoni nikaandika yote, nikapiga mstari, nikavalisha jibu suruali yake. Akauliza, "Mama, nani amekufundisha hivi?" Nikamwambia sina haja ya kujificha, nina injinia nyumbani kwangu. Tangu siku hiyo vijana wa nyuma wananiita Mama Injinia. Nisikufiche, nalipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Sasa kuna hili, nalo ni la lifti kabisa, kama vile wamenichungulia kazini. Lifti ya kilo 600 inashuka. Ikikaribia chini inapunguza mwendo, mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, mpaka isimame. Kamba inavuta kwa nyutoni ngapi wakati inapunguza?

Hesabu zake sijui kuzipanga, ila kuna jambo moja nataka unieleze. Mchana lifti ikijaa huwa nasimama, stuli inawekwa pembeni. Tukianza kushuka nakuwa mwepesi, tumbo linabaki ghorofani. Tukikaribia chini nakuwa mzito na magoti yanalalamika. Nimekaa ndani ya kisanduku hiki tangu wewe hujaota meno, na sijawahi kuona magoti yakibadili maneno. Je, na kamba inakuwa hivyohivyo, au hayo ni ya uzee wangu tu?

Nijibu upesi, swali hili tutalifanya wiki ya mwisho ya mwezi.

Mama yako,
Mama Injinia

12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hilo swali ni jepesi, linatisha kwa maneno tu.

Lifti inashuka, siyo? Basi kila mshale uchore ukielekea chini. Uvutano wa dunia ni 10, mchapuko wa lifti, yaani badiliko la mwendo, ni 2, nao unaelekea chini kwa sababu lifti inakwenda chini. Toa: 10 toa 2 ni 8. Zidisha kwa 600. Kamba inavuta nyutoni 4,800. Umemaliza, pigia mstari.

Kuhusu magoti, mama, nakuheshimu sana, lakini fizikia haiendi hivyo. Mtu akiwa ndani ya kitu kinachokwenda, mwili unamdanganya, ndiyo maana watu wakabuni mizani na saa. Magoti si chombo cha vipimo. Mtihanini sahau magoti, fuata mishale.

Mimi mzima. Tunajiandaa na mafunzo ya vitendo kiwandani.

Mwanao,
Injinia wako

27 Machi

Mwanangu Injinia,

Jana nimekupigania.

Mwalimu aliandika swali la lifti, akalifanya mwenyewe, akapata 7,200. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Samahani mwalimu, hapo umejumlisha pa kutoa. Ni 4,800." Akaeleza tena, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nikasema hapana. Akaniuliza, "Mwanao ndiye aliyesema?" Nikasema, "Ndiye, na yuko chuo cha uinjinia, si darasa la kuazima." Neno hilo lilinitoka tu. Niliona limemwingia.

Akaweka chaki chini. Akasema, "Mama, wewe humu ndani ndiye peke yako unayefanya kazi kwenye lifti. Ikikaribia chini unajisikiaje, mzito au mwepesi?"

Darasa zima likanigeukia. Nikasema, "Mwepesi."

Nilijua si kweli. Nilijiambia uongo ule ni wa magoti, si wangu, na wewe ndiye msomi. Mwalimu akasema, "Basi lifti yenu ni ya ajabu," wakacheka mpaka yule dada wa mbele, anayeniazima rula yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Usiku huohuo nilichukua karatasi, nikanakili swali, nikanakili jibu la mwalimu, nikalitia ndani jibu lako kama ulivyoliandika kwa mkono wako. Nimemwandikia mkuu wa fizikia hapo chuoni kwenu. Nimemwomba aamue, yeye ni mwalimu wako na anakufahamu. Akijibu, barua yake nitaibandika ubaoni kwa gundi.

Mama yako,
Mama Injinia

4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naandika mbio, mlinzi ananisubiri.

Kama barua ya mkuu hujaituma, tafadhali ichane. Kama umeituma, usitarajie jibu, yuko safarini na hajulikani atarudi lini. Tena huku walimu hawapendi wazazi waingilie masomo, mwanafunzi anaonekana mtoto. Swali la lifti liache kwanza, mwalimu wako mkubalie tu mambo yaishe. Nitakueleza vizuri siku nyingine.

Usihangaike, mama. Nakuomba.

Mwanao,
Injinia wako

9 Aprili

Kwa Mama Mwendesha Lifti,

Salamu.

Nimepokea barua yako pamoja na viambatisho viwili. Nakushukuru kwa imani uliyonayo kwa idara yetu.

Kuhusu swali: jibu sahihi ni nyutoni 7,200. Mwalimu wako hakukosea. Lifti inaposhuka huku ikipunguza mwendo, mchapuko wake unaelekea juu, kinyume cha mwendo. Kamba hubeba uzito wote wa lifti na kuongeza kani ya kuizuia. Nimeonyesha kwa kalamu nyekundu mshale uliochorwa vibaya.

Kuhusu kijana wako: nasikitika kukuarifu kwamba si mwanafunzi wetu tena. Aliondolewa chuoni mwaka jana baada ya kushindwa mtihani wa fizikia na kushindwa tena alipourudia. Nilidhani familia inafahamu. Mwandiko wake nimeutambua, na kosa lenyewe pia. Mshale huu ndio alioukosea mtihanini, mara zote mbili.

Alikuwa kijana msikivu. Nakutakia heri katika mtihani wako.

Mkuu wa Idara ya Fizikia

24 Aprili

Mwanangu,

Barua ya mkuu wako hii hapa ndani, soma mwenyewe. Sikuandika mapema kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naanza na neno "Injinia".

Nimeisoma nikiwa kazini, nikidhani ndiyo ile ya kubandika ubaoni. Niliifungua ghorofa ya tisa, lifti ikiwa tupu. Wito ukalia kutoka chini, sikuujibu. Ukalia tena. Nilipofika walikuwa wameshaanza kupanda ngazi, na Mhasibu yuko mlangoni na mkoba wake: "Mama leo umelala! Injinia hajambo?" Nikasema, "Hajambo." Nikatazama namba za juu ya mlango kana kwamba sijawahi kuziona. Na kila siku tangu hapo nasema hajambo, halafu natazama namba.

Nina aibu, mwanangu. Siwezi kusema nina huzuni wala hasira, ingawa hasira itakuja, isubiri. Ni aibu. Watu wa ghorofa tisa wanajua nina injinia. Nimewapandisha na kuwashusha na jina lako kama mtu anayetembeza bidhaa. Nilimdhalilisha kijana wa watu mbele ya darasa lake, na shati lake la pasi ya mbele tu. Na yale magoti! Niliyakana mbele ya watu kama mtu anayemkana ndugu yake fukara.

Kwa mwalimu nimekwenda. Nilimkuta anafuta ubao. Nikamwambia, "Mwalimu, ni mzito. Nilikuwa najua kuwa ni mzito." Akanipa chaki, akaniandikia swali lingine. Nilikosea, akalifuta, akaliandika tena.

Sasa nijibu. Uko wapi? Barua zangu anazipokea nani? Unakula wapi?

Mama yako

3 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui kama bado unaipokea.

Niko mtaa uleule, mkabala na geti la chuo, kwenye duka la fotokopi. Napiga kopi na kujalidi ripoti za wanafunzi. Mlinzi wa geti ananivushia barua zako, anasema mama yako ana mwandiko mzuri. Nyuma ya duka kuna chumba chenye marundo ya karatasi, nalala humo. Kula nakula, usiwe na wasiwasi.

Siku walipobandika majina, langu halikuwemo. Nilikupigia kwa jirani ili nikwambie. Jirani akapokea: "Injinia! Mama yako yuko hapa anatuhadithia habari zako, hebu ngoja." Nikakusikia ukicheka kwa nyuma. Ulipokuja kwenye simu nikakuambia nimefaulu. Baada ya hapo kila barua ilidai nyingine ifanane nayo.

Barua ya mkuu niliijua kabla yako. Karani wa idara alivuka barabara na karatasi za kunakiliwa kwa ajili ya faili. Ya juu ilikuwa mwandiko wako. Chini yake ilikuwa hesabu yangu, na mshale mwekundu wa mkuu unaoelekea juu. Karani alikuwa anasubiri, foleni ipo. Nikainua kifuniko, nikailaza barua yako kwenye kioo, nikabonyeza. Mwanga ukapita chini ya maneno yako, "wewe ni mwalimu wake na unamfahamu". Nikapiga kopi mbili nilizoagizwa, nikazipanga vizuri, nikambania pini. Karani akasema asante.

Pale ndipo nilipouelewa ule mshale, mama. Mtihani mara mbili sikuuelewa. Lifti inakwenda chini, ndiyo, lakini kinachobadilika kinaelekea juu. Magoti yako yalikuwa yameniandikia hivyohivyo tarehe mbili Machi, na mimi nikakujibu kwa kiburi cha mtu aliyefukuzwa.

Sina la kujitetea. Nimekuaibisha mbele ya watu unaokutana nao kila siku, na mimi niko mbali ambako hakuna anayenijua. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Usinitumie maswali tena. Au nitumie, ila usiniamini.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea, na nitaendelea kuipokea, sasa acha kujiliza.

Hasira ilikuja kama nilivyoahidi. Nilikuandikia barua tatu za matusi, zote nikazichana, maana matusi mengine yalikuwa yanatukana ukoo wangu mwenyewe. Ikapita. Aibu ndiyo imekataa kuhama.

Mtihani nimefanya. Swali la lifti lilikuja, limebadilishwa namba tu. Unajua mkono wangu uliandika nini kwanza? Ulitoa. Mwandiko wako umeshakaa kichwani mwangu. Nikasimamisha kalamu, nikafumba macho, nikainama kidogo kwenye lile dawati la watoto mpaka magoti yakagonga ubao. Nikafuta, nikajumlisha. Msimamizi alidhani naumwa, akaniletea maji.

Sasa sikiliza. Lifti yangu inang'olewa mwisho wa mwezi wa sita. Kabla hawajaing'oa nataka uje uipande. Nimechoka kutazama namba. Mhasibu akiniuliza, nataka uwe umesimama hapo ubavuni mwangu, na mimi nitasema kwa mdomo wangu: huyu ndiye mwanangu, anapiga fotokopi. Nimeshajizoeza nikiwa peke yangu, kati ya ghorofa ya pili na ya nane. Ukiwepo sitashindwa.

Njoo, na uvae shati safi.

Mama yako

18 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Nilitaka kukuaga vizuri lakini uliondoka kwenda kazini kabla sijaamka, au tuseme kabla sijaacha kujifanya nimelala.

Naandika kwa sababu jioni ile tulizungumza habari za paa la jirani mpaka tukalala, na paa la jirani halina ubaya wowote.

Sikukasirika, mama. Nataka ulijue hilo kwanza. Mlango ulipofunguka ukaniona, uso wako ulifurahi, nilikuona. Kisha lifti ikajaa. Mhasibu akasema, "Na huyu kijana mliyefanana pua?" Nikakuona unavuta pumzi. Nilijua unakuja kusema lile ulilojizoeza. Ukasema, "Si ndiye Injinia wangu!"

Na mimi nikafanyaje? Nikatoa mkono, nikamsalimia. Akaniuliza kama lifti mpya zitakuwa salama. Nikasema, "Salama kabisa, mzee." Kwa sauti nzito, kama ya mkuu wa idara. Watu wakatikisa kichwa kukubali. Hukunitazama, ukatazama namba. Nikatazama namba pamoja nawe.

Tulipokaribia chini nilikuwa mzito. Sasa nimepima mwenyewe.

Usijilaumu. Mdomo wako ulizoea neno moja na ni mimi niliyeuzoesha. Sikustahili kuja kukuwekea mtihani mwingine mbele ya watu. Labda tuache hivyohivyo, lifti yenyewe inaondolewa.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu, fundi fotokopi,

Marahaba. Hapana, hatuachi hivyohivyo.

Majibu ya mtihani yametoka, nimefaulu. Si kwa kishindo, lakini nimefaulu, na wiki ijayo naanza kufundishwa ufundi. Mwalimu wa jioni anasema darasa jipya linaanza mwezi wa tisa na dawati langu liko wazi. Nikamwambia nina kijana mmoja, mrefu, magoti yake yatagonga. Akasema, "Mlete." Fikiria, sikulazimishi.

Sasa la lifti. Tangu uondoke sijalala vizuri. Nilikuita uje nikuvue uongo, nikakuvika mwingine mpya, tena mbele ya watu, nawe ukauvaa ili mimi nisiumbuke. Mtoto anamsitiri mama yake namna hiyo? Nilijionea haya kuliko siku ile ya barua ya mkuu. Ile nilikuwa nimedanganywa. Hii nilidanganya kwa hiari yangu, huku nakushika bega.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya lifti yangu. Mchana, watu wanashuka kwenda kula, ilijaa mpaka stuli nikaitoa nje. Mhasibu akaingia ghorofa ya tano, akasema kama kawaida, "Injinia alifika salama?"

Mlango ulikuwa umeshafungwa. Nikasema, "Si injinia. Alishindwa fizikia, akaondolewa chuo. Anapiga fotokopi. Mimi najua tangu mwezi wa nne na nimekuwa nikiwadanganya kila asubuhi."

Mwanangu, ndani ya lifti hakuna pa kukimbilia. Hakuna dirisha, hakuna kona. Watu wote wakainua macho wakatazama namba. Nne. Tatu. Mtu mmoja akakohoa. Nilikuwa na moto usoni mpaka masikioni. Mbili. Ikaanza kupunguza mwendo, uzito ukaja magotini uleule, nikauacha uje. Nikafungua mlango, wakatoka mmoja mmoja, kama wanatoka msibani.

Mhasibu hakutoka. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake, anatazama viatu. Nikamwambia, "Tumefika, mzee." Akasema, "Mimi wangu yuko gerezani, mama. Mwaka wa tatu huu. Nilikuwa nakuwahi kukuuliza wa kwako, ili usipate nafasi ya kuniuliza wa kwangu."

Miaka yote hiyo ya salamu, mwanangu, na sikuwahi kumwuliza.

Nikafunga mlango. Nikambonyezea ghorofa ya tisa, ingawa alikuwa anakwenda kula. Lifti ilipoanza kupanda, nikamwuliza, "Hajambo?"

Mama yako